Mwaka Niliokuwa Meya wa Amsterdam

Masikio yangu yalimtambua Mama Chebet kabla ya macho. Nilikuwa nakatiza soko la Bungoma juzi Alhamisi, muwa mkononi, nikimtania jamaa mmoja wa boda-boda kwamba baiskeli yake inafaa kupewa pensheni, mara nikasikia nyuma yangu sauti ninayoijua. Nikageuka. Alikuwa ameketi juu ya kigogo, magunia matatu ya vitunguu nyuma yake, kitambaa cha kijani kichwani kama zamani, akimwambia mteja, "Usiminye, hiyo si embe." Mimi nina miaka kumi na minane, wiki ijayo naingia kidato cha nne, kwa hivyo najiona nina haki ya kuandika kumbukumbu kama mzee aliyestaafu. Na ukiniuliza ni mwaka gani ulinifanya mtu, sitakutajia wa kuzaliwa wala wa kubatizwa. Ni ule wa kidato cha pili, nilipokuwa meya wa Amsterdam, mji uliokuwa nyuma ya bweni la wasichana, hatua chache kutoka vyooni.

Shule yetu iko juu ya Endebess, mahali ambapo mlima unaanza kujifanya mlima. Nilifika huko nikitoka Bungoma mjini, na kitu cha kwanza nilichojifunza ni kwamba maji ya huko hayatoki kwenye bomba. Yanatoka kwenye mfereji. Ulichimbwa na watu wa zamani, unateremka kutoka msituni ukipita juu ya shule, na chini yetu unaendelea kwa jirani mmoja, halafu mwingine, halafu mwingine. Nyumba zote zina zamu. Mimi kwangu huo ulikuwa mtaro tu wenye matope. Nilipiga mswaki hapo, nikaoshea soksi hapo, na sikuwahi kujiuliza maji yakinipita yanaenda kwa nani. Chebet ndiye aliyekuwa mtu wa mfereji. Alikuwa mwanafunzi wa kutwa, nyumba yao ikiwa chini kidogo ya uwanja wa mpira, na alikaa nami dawati moja. Mimi nilikuwa naongea kutoka asubuhi hadi kengele ya kulala. Yeye alikuwa anaongea labda mara tatu kwa siku, na zote tatu za maana. Watu walisema tunafaana kama redio na betri.

Mwalimu wetu wa jiografia alikuwa Mwalimu Kamau, mwana wa Kitale, mrefu, koti moja la kahawia, chaki masikioni. Hakuwa amewahi kutoka Kenya. Lakini watu wa kampuni ya mbegu walikuwa wamempa kalenda yenye picha za Uholanzi, na Januari ile, badala ya kutupa kurasa za mwaka uliokwisha, alizigundisha ukutani darasani. Picha moja ilikuwa ya Amsterdam. Nyumba nyembamba zimesimama zikigusana mabega, mbele yake maji mahali ambapo sisi tungeweka barabara. "Tazameni juu kabisa," akasema, akigonga karatasi kwa rula. "Kila nyumba ina ndoana. Mashua inasimama mlangoni, mzigo unavutwa kwa kamba mpaka darini. Na nyumba ni nyembamba kwa sababu kodi ilitozwa kwa upana." Akatueleza kwamba mji huo umesimama juu ya magogo yaliyopigwa kwenye matope, msitu mzima uko chini ya miguu ya watu. Akasema haukuwa na mashamba ya nafaka ya kutosha, ila meli zilileta ngano kutoka bahari ya kaskazini, ngano ikalala kwenye madari, na majirani wakikosa chakula wanajua pa kwenda.

"Mwalimu," nikainua mkono, "hao si ni mabroka?"

Darasa likaanguka kicheko. Kwetu huku broka ni yule jamaa anayekuja wakati wa kuvuna na gorogoro, lile kopo la kupimia, lililogongwa nyundo ndani mpaka likapanuka, anapima mahindi ya mjane anasema bado halijajaa.

Mwalimu Kamau hakukasirika. Hilo ndilo lilikuwa tatizo lake, hakuwa anakasirika. "Ndio, Nafula. Ni mabroka. Lakini walijenga mji. Kitale nayo ilijengwa na nini? Ghala na reli. Reli ndiyo mfereji wetu, mahindi ndiyo ngano yetu."

"Lakini treni ya Bungoma inaendelea mpaka Uganda," nikasema. "Ya Kitale ikifika inachoka inalala hapo."

Chebet akanikanyaga mguu chini ya dawati. Hiyo ilikuwa mara yake ya kwanza kuongea siku hiyo.

Siku ya wazazi ilikuwa mwezi wa tatu, na kila somo lilitakiwa kuonyesha kitu. Kemia walikuwa na moshi. Kilimo walikuwa na sungura. Mwalimu Kamau akasema jiografia itajenga Amsterdam, yenye maji ya kweli. Tuliijenga kwa wiki tatu kwa udongo wa kichuguu: mifereji mitatu ya kupinda kama nusu ya sahani, nyumba za vijiti vilivyopakwa matope, ndoana za waya, milango ya maji ya vipande vya mabati. Mashua zilikuwa makopo ya siagi yaliyokatwa katikati. Mimi nikajitangaza meya, kwa sababu nilipaza sauti kuliko wengine, na nikaweka ushuru. Ukitaka kopo lako lipite lango langu, unalipa njugu tano. Wavulana wa kidato cha tatu wakakataa, wakachimba mfereji wao wa pembeni kuzunguka lango, na njugu zikakauka siku hiyohiyo. Mwalimu Kamau alicheka mpaka akaketi kwenye jiwe. "Mmefanya historia ya miaka mingi kwa mchana mmoja," akasema. "Miji ya namna hiyo mingi iliishiwa nguvu hivyo. Meli zikapata njia nyingine."

Sasa nifike kwenye ile Jumamosi, maana nimeizunguka vya kutosha.

Zamu ya shule ilikuwa Jumanne na Ijumaa. Mimi Jumamosi nilitaka kufanya mazoezi, kwa sababu siku ya wazazi ilikuwa imebaki wiki mbili na makopo yalikuwa yanakwama kona ya pili. Nikapanda peke yangu asubuhi mpaka mahali mfereji unapogawanyika, nikakuta ubao wa kugawanya maji umeelekezwa chini, na juu ya ubao kumefungwa kifurushi cha majani marefu, kimekunjwa mara mbili, kimekazwa fundo kwa uzi wa sufu wa buluu. Nikakitazama. Kilikuwa na umbo zuri, kama nywele za majaji. Nikakifungua kwenye ubao, nikakivaa, nikainua ubao, nikageuza maji yaje Amsterdam. Yalikuja! Makopo yakapita kona ya pili yakiimba. Watu wakaja kutazama, nikawahutubia na wigi langu la majani, nikawaahidi barabara na madaraja. Tulicheza hadi chakula cha mchana. Halafu nikaenda kula, na ubao nikauacha vile. Maji yalikimbia kupitia Amsterdam, yakaingia kinamasini nyuma ya vyoo, Jumamosi yote, Jumapili yote.

Jumatatu Chebet alifika saa nne. Macho yalikuwa mekundu na viatu vilikuwa na vumbi la safari. Nilikuwa nimevaa wigi, nikimwigiza hedimasta akitangaza bei ya makopo. Akasimama mlangoni akaniangalia kichwani kwa muda mrefu.

"Nani alikupa hiyo kofia?"

"Meya hapewi," nikasema. "Meya anachukua."

Akakaa. Hakunikanyaga mguu. Kesho yake hakuja shuleni, na keshokutwa pia.

Nilijua Alhamisi, na nilijua darasani, mbele ya watu arobaini. Mwalimu Kamau alikuwa anatueleza kwamba Waholanzi walikuwa na kamati za maji kabla hawajawa na serikali ya kueleweka. Kila mtu alipewa kipande cha ukuta unaozuia maji, akitunze. Aliyeshindwa alichomeka sepetu yake kwenye ukuta akaondoka, na atakayeing'oa ndiye anachukua shamba pamoja na kazi. "Sepetu moja tu," akasema, "na kila mtu amesoma. Kama hapa kwetu, jirani akifunga majani kwenye ubao wa mfereji. Maana yake hii ni zamu yangu. Ukishafunga unaweza kwenda matanga mpaka Cheptais, maji yatafika kwako yenyewe. Hakuna mtu wa huku anayeweza kugusa hilo fundo." Watoto wa mlimani wakaitikia kwa vichwa kama wanaambiwa jua linachomoza mashariki. Wigi lilikuwa ndani ya dawati langu. Nililisikia kama linapumua.

Mengine niliyapata kwa vipande, kwa masikio yangu marefu. Mama Chebet alikuwa amehamisha miche ya vitunguu Alhamisi na Ijumaa, kutoka kitaluni kwenda shambani, kwa sababu zamu yake ilikuwa Jumamosi hadi Jumapili na miche iliyohamishwa haiwezi kukaa jua la kiangazi bila maji. Ndugu yake alifariki Cheptais. Akamtuma Chebet Jumamosi alfajiri afunge majani, wakaenda kuzika. Waliporudi Jumatatu asubuhi shamba lilikuwa limelala chini kama nywele zilizochomwa. Mama akaenda kwenye ubao, hakuna majani. "Hukufunga," akamwambia Chebet. "Nilifunga." "Yako wapi?" Na vitunguu vile ndivyo vilikuwa karo. Kwa hivyo Chebet hakuwa mgonjwa. Alikuwa anabeba maji ya mtoni kwa ndoo, akiokoa mistari iliyobaki, na mama yake alikuwa amesema wazi kwamba shule itangoja, tena kwamba mtoto anayeweza kudanganya juu ya maji anaweza kudanganya juu ya chochote.

Niliweka lile fundo kwenye sanduku langu chini ya sabuni. Mimi, ambaye sijawahi kukaa na habari dakika kumi, nikakaa na hiyo. Jikoni mpishi wetu Mzee Wanyama, mtu wa kwetu Bungoma anayegeuza kila l kuwa r, akaniwekea ugali na kabichi, akaona sahani imerudi nzima. "Nafura, reo hukuri? Wewe ni mgonjwa ama umeiba kitu?" Meza nzima ikacheka. Mimi nilitoka nje nikaenda kuhakikisha sanduku limefungwa. Ijumaa nilikuwa naadhibiwa kwa kelele, nikiosha madirisha ya ofisi upande wa nje, nikasikia sauti ya hedimasta ndani, ya chini, sauti ambayo hakuwa akiitumia kwetu.

"Wazee wa mfereji wamekuja mara mbili. Wanasema ni shule."

"Ni watoto tu," Mwalimu Kamau akajibu. "Na ni mimi niliyejenga ile kitu."

"Wewe Kamau, usiseme hivyo nje ya hiki chumba. Unajua vile mwaka huu watu wanaangaliana. Wakiuliza nani, hawatauliza mtoto gani. Watauliza mtoto wa watu gani. Hapo ndipo mimi naogopa."

Nilikuwa nimeshika kitambaa, maji machafu yakiteremka kiwikoni. Mwaka ule watu wazima wengi walikuwa wanaongea kwa sauti hiyo. Matanga yalikuwa yanaisha mapema, watu walikuwa wanataka kujua jina la baba yako kabla ya kukuuzia maziwa. Sisi tulikuwa tumefanya mzaha wa hayo pia. Sasa nikaelewa kwamba nikisema, huenda nisiwe Nafula tena, niwe watu wa Bungoma wote kwa pamoja. Na kwamba nikinyamaza, Chebet atakuwa mwongo maisha yake yote. Nilipima hivi na hivi siku nzima kama yule broka, na kila mara gorogoro langu lilisema bado halijajaa.

Jumapili baada ya ibada niliomba ruhusa ya kumwona mgonjwa, nikashuka kupita uwanja. Fundo lilikuwa ndani ya sweta langu, likinichoma tumbo. Mama Chebet alikuwa jikoni, nyumba ya udongo yenye moshi mwembamba na harufu ya maziwa lala, vibuyu viwili vimening'inia ukutani. "Wewe ni yule wa Bungoma anayeongea," akasema. "Chebet ameenda mtoni. Keti." Akanipa ugali wa moto na maziwa kutoka kwenye kibuyu, yale yaliyoganda, ya kijivu kwa masizi, na hakuuliza nimefuata nini. Mimi nikaanza kuropoka. Nikamweleza hedimasta anavyotembea, Mzee Wanyama anavyosema mchere, sungura wa kilimo walivyotoroka usiku wa kuamkia mtihani wao. Akacheka, bana! Akacheka mpaka akajifuta macho kwa kitambaa cha kijani. Na kadiri alivyocheka ndivyo nilivyozidi kuogopa, kwa sababu nilikuwa namlia chakula chake na kumchekesha na kumwibia, vyote kwa wakati mmoja. Nikaacha katikati ya sungura. Nikatoa fundo, nikaliweka sakafuni kati yetu.

"Ni mimi," nikasema. "Nililivaa."

Hakupiga kelele. Aliliokota, akaligeuza kwenye mwanga wa mlango, akaugusa ule uzi wa buluu, sufu ya sweta la shule. Halafu akaita kuelekea njia ya mtoni. Chebet akaja mlangoni na ndoo bado kichwani, akaniona, akaliona fundo mkononi mwa mama yake. Mama akasema maneno machache kwa lugha yao, kwa upole, kama mtu anayeomba kitu. Chebet akashusha ndoo chini polepole bila kumwaga, halafu akalia, na sijawahi kumwona akilia kabla wala baada. Nilikuja kumuuliza muda mrefu baadaye ni nini alichoambiwa. "Alisema nilifunga vizuri," akaniambia.

Wazee wa mfereji walikaa Jumanne iliyofuata, kwenye nyasi nje ya ofisi. Waliniuliza jina langu, na nilipolisema nikangoja lile swali la baba yako ni nani. Mama Chebet akawa wa kwanza kusema. "Huyu alikuja mwenyewe. Alikula kwangu. Muulizeni alichofanya, msimuulize kingine." Basi wakaniuliza hicho tu. Uamuzi ulikuwa shule ipoteze zamu mbili, zipewe Mama Chebet. Mimi nibebe ndoo sita kila jioni mpaka mvua inyeshe. Na ule mji ufukiwe, maana unakunywa maji bila kuzaa. Niliufukia mwenyewe. Mwalimu Kamau alikuja kunisaidia na koti lake la kahawia, akachukua ndoana moja ya waya akaitia mfukoni. Shule nzima haikuoga kwa wiki moja na nusu, na majina niliyoitwa siwezi kuyaandika kwenye daftari linaloweza kusomwa na mama yangu. Siku ya wazazi jiografia ilionyesha kalenda.

Ningependa kusema vitunguu vilifufuka. Mistari minne ilipona kati ya kumi na tisa. Mama akapanda upya mvua ilipokuja, na Chebet akarudi muhula wa tatu, mwaka uliofuata akarudia kidato cha pili. Jina lake lilirudi siku ile jikoni. Mwaka wake haukurudi. Mimi natangulia kumaliza, na kila nikipita darasa lao namwona amekaa dawati la mbele, peke yake, anaandika. Tuliendelea kuwa marafiki, ila sasa mimi ndiye ninayeuliza na kungoja. Jioni moja tukibeba ndoo nilimuuliza kwa nini hakunitaja, ilhali alilitambua fundo lake Jumatatu ileile. Akatembea hatua kama ishirini. "Ningekutaja wangekufukuza. Halafu ungeenda Bungoma useme ni watu wa mlimani." Hatua nyingine. "Na nilijua wewe huwezi kukaa na kitu. Nilidhani siku moja. Siku saba, Nafula! Sikujua unaweza kunyamaza siku saba."

Ndiyo maana Alhamisi sokoni nilitaka kujificha nyuma ya boda-boda. Lakini Mama Chebet alikuwa ameshaniona. "Meya," akaita, watu wakageuka. Nikamwamkia, nikamsaidia kupanga vitunguu, nikamuulizia Chebet. Yuko Kitale kwa shangazi yake, atarudi Jumapili. "Na mimi hii mizigo haitaisha kabla ya Jumamosi," akasema, akifuta mikono. "Shule mnafungua lini?"

"Jumatatu, Mama."

"Basi panda kesho. Ulale kwangu, ufunguo uko kwa jirani. Nimehamisha miche jana, na Jumamosi ni zamu yangu, hakuna mtu wa kufunga." Akanyoosha mkono kwenye mfuko wa aproni, akatoa kipande cha uzi wa buluu. "Chebet alikufundisha fundo?"

"Alinifundisha. Lakini Mama, si kuna majirani? Mimi tena?"

"Wewe unajua kinachotokea lisipokuwepo," akasema, na akamgeukia mteja.

Nimefunga leo, Jumamosi, alfajiri. Nilikunja majani mara mbili, nikakaza fundo, nikaona limelegea, nikafungua, nikafunga tena mara tatu. Kanuni ni kwamba ukishafunga unaenda zako, na majirani wawili waliopita kwenda kukamua wamenitazama kama mtu asiyejua kanuni. Sikuweza kwenda. Nimeketi hapa kwenye jiwe juu ya shule, daftari magotini, pale chini nyuma ya bweni naona kiraka ambacho nyasi zake zimeota kijani kuliko kwingine, na huko mbali shamba la Mama Chebet. Jua limeshapanda. Nimelisogelea fundo mara nyingi kuangalia kama bado lipo. Kutoka bwenini nasikia wasichana waliotangulia kufika wakicheka, mmoja ana sauti kubwa kuliko wengine, na kila akicheka nasimama. Maji yamefika mstari wa kwanza. Bado kumi na nane.